Nifunge siku ngapi ili niache kubeti?

Kuna kijana kaniandikia, meseji yake ilikuwa ndefu nimeifupisha na jina nimelitoa:

"Bwana Yesu asifiwe mchungaji, shikamoo. Nina miaka 26, nimeokoka, naimba kwaya, nafanya kazi kwenye kibanda cha miamala ya simu hapa Mwanza. Kibanda ni cha mama mmoja wa kanisani kwetu, ndo aliniamini akanipa. Shida yangu ni kubeti. Nilianza na elfu moja moja ya kwangu, sasa hivi nimeshaingia kwenye floti (hela ya mtaji ya kufanyia miamala), mpaka leo inapungua laki nne na thelathini, mama hajajua, akiuliza namwambia nyingine iko kwenye laini ile. Nimefunga siku tatu mara mbili, nimeombewa, natulia wiki halafu narudi. Kwanini Mungu haniondolei hii tamaa wakati namwomba kwa machozi? Nifunge siku ngapi? Na je nikipata mkeka (ile tiketi ya kubeti mechi nyingi kwa pamoja) mmoja wa uhakika nikarudisha hela yote na fungu la kumi nikatoa, atanisamehe?"

Marahaba mwanangu, asifiwe sana. Meseji yako nimeisoma usiku nikairudia asubuhi, na nikwambie ukweli nilipofika kwenye fungu la kumi nilicheka peke yangu mpaka mama watoto akauliza kuna nini. Usinichukie, sikukucheka wewe, hiyo hesabu naijua, nimewahi kuipiga mwenyewe, nitakusimulia mbele.

Umeuliza maswali matatu ila mi naona ni moja tu. Unamuuliza Mungu, hivi hakuna namna ya kutoka hapa bila yule mama kujua? Kufunga, ni kutoka bila mama kujua. Kuondolewa tamaa usiku mmoja ukaamka mtu mwingine, ni kutoka bila mama kujua. Mkeka wa uhakika ndo usiseme.

Kasome 1 Samweli 15 yote, usisome mstari mmoja. Sauli kaambiwa akawapige Waamaleki asibakize kitu. Kaenda, kapigana, kashinda, ila mfalme wao Agagi kamwacha hai, na kondoo wanono na ng'ombe wazuri kawaacha, vile vibovu vibovu ndo kaviangamiza. Samweli anafika, Sauli anamuwahi kwa salamu kubwa kubwa za baraka, nimetimiza amri ya Bwana. Mzee wa watu hakubishana, kauliza tu sasa huku kulia kwa kondoo ninakosikia masikioni mwangu ni nini? Na jibu la Sauli ndo lako kabisa, eti watu wamewaacha wale walio wazuri ili wakamtolee Bwana dhabihu. Unaliona fungu la kumi la mkeka hapo? Amevunja amri halafu kwenye kile alichovunjia anataka kumkatia Mungu kidogo. Hapo ndo Samweli akasema lile neno tunalolipenda kwenye mahubiri na kulisahau Jumatatu, kutii ni bora kuliko dhabihu na kusikia kuliko mafuta ya beberu.

Sasa na mimi nasikia kondoo kwenye simu yako. Umeniandikia umefunga, umelia, umewekewa mikono, hujaniandikia popote kwamba umefuta ile aplikesheni au umefunga ile akaunti. Siku tatu za kufunga mara mbili ni siku sita, na siku zote sita ilikuwa mfukoni imekaa na meseji za ofa inatuma, weka dau upate bonasi. Hauko peke yako, Augustino yule wa Hippo, askofu mkubwa wa Afrika ya Kaskazini, alikiri kwamba ujanani alikuwa anamwomba Mungu ampe kujizuia, ila siyo sasa hivi. Alikuwa mkweli kuliko sisi, sisi ile "siyo sasa hivi" huwa hatuitamki, tunaiacha tu kwenye simu.

Sipondi kufunga. Mi mwenyewe nafunga, na kuna vita huwezi kuviingia bila magoti. Ila kufunga kwako kumekuwa kama kulipa faini ili kesi iishe, na kesi yako ina mlalamikaji ambaye hujaonana naye.

Tuje kwenye tamaa yenyewe maana hapo ndo unajitesa. Unadhani ikikujia tu ndo umeshaanguka, kwahiyo ukiisikia saa nne asubuhi unasema aah basi nimeshachafuka, na jioni unaenda kumalizia. Hapana. Sisi Waprotestanti kwenye Baba Yetu tunasema usitutie majaribuni, ndugu zetu Wakatoliki wanasema usitutie katika kishawishi, na mi nakipenda hicho kishawishi chao maana neno majaribu limebeba mizigo miwili, kuugua ni jaribu, kufiwa ni jaribu, na mkeka pia ni jaribu, mtu anachanganya. Kwenye Kigiriki cha Agano Jipya ni hivyo hivyo neno ni moja. Yakobo kwenye sura ile ile ya kwanza anakwambia ufurahi ukiangukia majaribu mbalimbali, halafu mstari wa 13 anakataza mtu kusema najaribiwa na Mungu. Kisha anaeleza kishawishi kinavyofanya kazi, kila mmoja hujaribiwa na tamaa yake mwenyewe huku akivutwa na kudanganywa, halafu tamaa ikishachukua mimba inazaa dhambi.

Angalia hapo, mimba. Tamaa kupita na tamaa kuchukua mimba ni vitu viwili. Bwana wetu mwenyewe alijaribiwa sawasawa na sisi katika mambo yote bila kufanya dhambi, Waebrania 4:15, kwahiyo kujaribiwa siyo dhambi, vinginevyo tungekuwa na shida kubwa.

Kwako mimba inatungwa wapi? Nahisi siyo pale unapobonyeza kuweka dau. Ni Jumamosi jioni, wateja wamepungua, mpira wa Uingereza unaanza, kibanda cha jirani wameweka redio, droo ina keshi na laini ina floti, umeshinda na chai na andazi moja tangu asubuhi, unasema ngoja niangalie tu ratiba. Hiyo ngoja niangalie tu ndo yenyewe. Hayo mengine yanayofuata ni kama gari limeshaachia breki mlimani, hapo unaomba nguvu za Mungu zikamate gari kwa mkono, na unashangaa mbona hazikamati.

Yusufu huwa tunamsifia kwa kukimbia, ila watu wengi wanauruka mstari wa 10 wa Mwanzo 39. Mke wa Potifa, bwana wake Yusufu, alikuwa anamsemesha siku baada ya siku, na imeandikwa hakumsikiliza alale naye wala akae naye. Wala akae naye! Kazi ya nyumba ile ilimlazimu kuingia ndani, kuikwepa kabisa asingeweza, ila kukaa naye, kupiga stori, kuzoeana, alikataa mapema. Ndo maana siku aliposhikwa nguo, miguu yake ilikuwa imeshazoea kuondoka. Akakimbia akaiacha nguo mkononi mwa mwanamke. Na malipo yake ilikuwa jela, hilo nalo usiliruke, nitarudi hapo.

Sasa swali lako la kwanini haniondolei. Mi sijawahi kuona mahali Mungu ameahidi kuiondoa tamaa ili tusiwe na kazi ya kukataa. Ahadi niliyoiona ni 1 Wakorintho 10:13, hatawaacha mjaribiwe kupita mwezavyo, lakini pamoja na lile jaribu atafanya na mlango wa kutokea. Mlango wa kutokea. Na mstari unaofuata tu Paulo anasema ikimbieni ibada ya sanamu, yaani mlango upo na miguu ni yako. Tatizo la ile milango ni kwamba huwa imefanana na aibu. Wewe mlango wako umeshawahi kukukodolea macho mara ngapi? Kila mama alipouliza hii hela mbona haitimii, huo ulikuwa mlango umefunguliwa wazi kabisa, ungesema tu mama nina shida, na wewe ukaufunga kwa neno laini nyingine. Hapo Mungu alikuwa anajibu yale maombi yako ya machozi. Alijibu kwa mdomo wa mama.

Kuhusu mkeka wa uhakika nitasema kidogo kwasababu hapo hata Biblia haihitajiki, inatosha kalkuleta. Chukua mechi kumi, kila moja timu yako ina nafasi ya asilimia 70 ya kushinda, hizo ni timu kubwa zinacheza nyumbani. Zidisha 0.7 kwa 0.7 mara kumi, inakuja 0.028. Yaani mikeka mia ya namna hiyo, inayoshinda haifiki mitatu, na mwenye kampuni alishachukua chake kwenye kila mechi kabla hujaweka. Ndo maana kila Jumatatu vijana wanahadithia ile timu moja iliyowachania mkeka. Ile timu moja siyo bahati mbaya, ndo hesabu yenyewe ilivyo.

Na kama kuna waliokwambia ni pepo la kamari, sitabishana nao sana. Ila nijuavyo hata Shirika la Afya Duniani limeiweka kamari ya kushindwa kujizuia kwenye orodha yake ya magonjwa, ubongo unazoea kile kimuhemuhe kama wa mlevi alivyozoea pombe, kwahiyo ukiona mikono inatetemeka Jumamosi usidhani umelaaniwa, na ukiona umefanya yote na bado umeshindwa, kumuona daktari wa akili au mshauri wa hospitali ya mkoa siyo kukosa imani. Ukipepesuka usijiite pepo. Unaumwa kitu ambacho ulikianza mwenyewe na ambacho unaweza kutibiwa.

Nilikuahidi stori yangu. Nikiwa chuo nilikuwa mweka hazina wa fellowship, tunachanga hela ya sare za kwaya, inakaa kwangu kwenye bahasha ya kaki ndani ya begi. Nikaishiwa, nikachukua elfu tano, nikaandika kwenye karatasi nikaiweka mle mle kwenye bahasha ili dhamiri itulie, nimekopa 5,000 nitarudisha Ijumaa. Ijumaa ilipofika nilichukua tena nane. Karatasi ilijaa, nikageuza upande wa pili. Kilichoniuma baadaye ni kwamba kile kikaratasi kilinifanya nijione mwaminifu! Mwizi gani anaandika? Na kipindi hicho ndo nilikuwa naongoza maombi ya alfajiri, nalia kuliko wote, wenzangu wananiita mzee wa upako. Nilikuwa nimepanga boom, ile hela ya mkopo wa wanafunzi, likitoka nirudishe zote niongeze na shukrani kwa Bwana. Boom likatoka, likaisha, bahasha ikabaki na karatasi.

Siku ilipofichuka hakuna aliyenikamata. Dada mmoja aliyekuwa mwenyekiti wetu alikuja kuomba hela ya fundi, nikafungua mdomo nimwambie nitaipeleka kesho, nikashindwa, nikampa bahasha yote na kile kikaratasi. Alikisoma pande zote mbili pale mlangoni. Hakusema kitu muda mrefu, halafu akaniuliza umekula leo? Basi. Nilitolewa uweka hazina, ilikuwa haki, nililipa kwa kufua nguo za watu hosteli karibu miezi minne, na usiku ule nililala vizuri ambavyo sikuwa nimelala muhula mzima. Na hamu ya kuchukua hela za watu haikutoka siku hiyo, ilinifuata miaka. Mpaka leo kanisani kwetu mimi sihesabu sadaka, wazee wanajua sababu, nimekataa mapema kabla hakujawa na bahasha mbele yangu.

Huku kwetu Maziwa Makuu jambo hili lina historia. Uamsho ulioanza miaka ya 1930 kutokea Gahini kule Rwanda, ukaingia Uganda, Tanganyika na Kenya, wale ndugu walikuwa na neno lao, kutembea nuruni, wamelitoa 1 Yohana sura ya 1. Na alama iliyowashtua majirani ni watu kurudisha vitu. Mtu anaokoka jana leo anakuja mlangoni kwako na kitu alichokuibia zamani ambacho hata ulishasahau. Siku hizi tumebaki na kuimba kwao tu, kurudisha tumekuacha njiani.

Kwahiyo hiki ndo ningefanya ningekuwa wewe, na nakusihi usifanye cha tatu kabla ya cha kwanza.

Leo hii, ukimaliza kusoma hapa, fungua ile akaunti. Nyingi zina sehemu ya kujifungia mwenyewe, ukiikosa piga huduma kwa wateja waambie nifungieni moja kwa moja nisiweze kurudi. Halafu ndo ufute aplikesheni, maana ukifuta bila kufunga utaipakua tena Jumamosi. Magrupu ya mikeka ya WhatsApp na Telegram toka yote, hata lile la yule rafiki yako anayetoa bure.

Kesho kabla ya kufungua kibanda, nenda nyumbani kwa mama. Usimtumie meseji, na usiende kibandani maana pale wateja watawakatisha. Beba kitabu cha miamala na laini zote. Usianze na historia ya maisha yako wala usimwambie shetani alinipitia, mwambie hivi: shikamoo mama, nimekuja kukwambia kitu kibaya, floti inapungua laki nne na thelathini, nimeichukua mimi, nimeibetia, yale ya laini nyingine nilikudanganya. Halafu nyamaza. Kunyamaza hapo ndo kugumu kuliko kusema, utatamani uongeze "lakini", usiongeze. Akilia mwache alie.

Walawi 6 inamsema mtu aliyemdanganya mwenzake kwenye amana, na floti ni amana kabisa, kwamba arudishe yote kamili na aongeze sehemu ya tano. Tano ya laki nne na thelathini ni elfu themanini na sita, jumla 516,000. Sikuwekei torati shingoni, ila nenda na hiyo namba kichwani kama maombi yako, mwambie naomba unikate elfu hamsini kila mwezi mpaka iishe, ni miezi kumi na kidogo. Na kwenye sura hiyo hiyo mtu analipa kwanza, kondoo dume wa kwenda kwa kuhani anakuja baadaye. Hata Yesu kasema uiache sadaka yako mbele ya madhabahu ukapatane kwanza na ndugu yako. Fungu lako la kumi linaweza kusubiri, Mungu hajaishiwa.

Sasa ile jela ya Yusufu. Sikuahidi kwamba mama atakukumbatia. Anaweza akakunyang'anya funguo hapo hapo, anaweza akaenda polisi na ana haki, anaweza kuwaambia kwaya. Kuna mahubiri yanakwambia ukitii tu mlango wa baraka unafunguka kesho yake, Yusufu alitii akafungwa miaka. Waebrania 5:8 inasema hata Mwana alijifunza kutii kwa mateso yaliyompata. Ila hela iliyopungua leo ni laki nne na thelathini, mwezi ujao ni milioni, na siku akigundua mwenyewe hautakuwa tena kijana aliyekuja, utakuwa kijana aliyekamatwa. Kwake yeye hiyo tofauti ni kubwa, hata kama atakufukuza.

Akikuacha kazini, omba Jumamosi jioni kibanda kifungwe mapema au akae mtu mwingine na wewe, na keshi iende kwake kila siku jioni isilale na wewe. Usione aibu kuomba ulinzi. Na ule mchana, we unashindia andazi halafu unataka kushindana na Ibilisi! Alimwendea Bwana wetu akiwa na njaa ya siku arobaini, hakumwendea ameshiba, na Luka anasema alipomaliza alimwacha kwa muda. Kwa muda, kwahiyo atarudi, labda mwezi wa tatu ukiwa umeshaanza kujisifia.

Tafuta pia mwanaume mmoja mkubwa kidogo kwako, asiwe wa rika lako wa kubeti naye, umpe ruhusa ya kukuuliza kila Jumamosi usiku swali moja, leo vipi? Mmoja anatosha. Sikushauri ukasimame mbele ya kanisa zima na kipaza sauti, dhambi yako ni kwa mama na kwa Mungu, kwaya haijaibiwa. Wala usijitoe kwaya mwenyewe kwa kujiadhibu, mwambie mwalimu wa kwaya na uache yeye aamue kama upumzike.

Na ukianguka tena, maana inawezekana, Mithali 24:16 inasema mwenye haki huanguka mara saba akaondoka tena, mpigie huyo mtu usiku huo huo kabla hujaanza kujipangia siku tatu nyingine za kufunga.

Funga kesho asubuhi ukipenda, saa chache tu kabla ya kwenda kwa mama, miguu iwe myepesi. Akikukaribisha chai unywe. Jioni niandikie alichosema, hata kama kakufukuza niandikie, nina mtu wa vifaa vya ujenzi anatafuta kijana wa kupakia na kushusha, na kule hakuna droo.